Mashujaa wa Sayari Nyingine na Uji wa Wanjiru

Jumatatu, 2 Juni 1958
Gari la moshi la kutoka Ruiru limechelewa tena. Mchana, hapa kwenye kiwanda cha mbao Thika, tukaketi juu ya magogo na kile kitabu cha mashujaa wa sayari nyingine. Mimi, karani wa hapa, nasoma Kiingereza kimoyomoyo, natoa Kiswahili kwa sauti. Kamau wa msumeno anawapenda kupita kiasi, ila anataka kujua ni rika gani na walitahiriwa lini. Kitabu hakisemi. Wanjiru, anayetupikia uji, hawapendi kabisa. Sura tano za kupigana na hakuna aliyewasha moto! Wanakula nini?

Jumanne, 3 Juni
Sura ya sita. Nikaona neno kiapo. Siku hizi za hali ya hatari, serikali inamfunga mtu kwa neno hilo. Sikusoma hata mstari wa pili. Nikaruka kurasa mbili, nikatua vitani.
Kamau akagutuka. “Ngoja, Karani! Hawa wamefika vitani saa ngapi?”
Nikajifanya nakohoa.

Ijumaa, 6 Juni
Jaswant, msimamizi wetu Kalasinga, Mhindi wa kilemba, amechukua kitabu. Kuna mtu amemwambia nawasomea watu mambo ya vita. Akakitia mfukoni, akaenda. Naogopa. Nitafutwa kazi, na hilo ndilo dogo.

Jumapili, 8 Juni
Mama kapika mukimo, ule wa viazi na mahindi ya kupondwa. Sikumaliza. Mimi!

Jumatatu, 9 Juni
Nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Jaswant amekisoma chote! Ana maoni kutushinda sote. Nywele ndefu, kisu kiunoni, neno halivunjwi: hao ni Kalasinga watupu, anasema. Kamau akakataa katakata, ni Wakikuyu. Wakabishana mpaka king'ora kikalia. Kisha Jaswant akanirudishia kitabu.
“Karani, kesho soma ile ya kiapo. Hapana ogopa. Mimi iko mlangoni.”

Jumanne, 10 Juni
Alisimama mlangoni kweli, mgongo kwetu. Nikasoma. Kumbe kiapo chenyewe kifupi. Shujaa anaapa kwamba hatakula kabla aliyempikia hajala. Basi. Hicho ndicho nilichokikimbia.
Wanjiru akachukua kikombe, akajitekea uji wa kwanza, akaketi kwenye gogo la mbele. Akanywa polepole, mpaka chini.
Sufuria ilikuwa wazi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hata Jaswant alingoja.