Bomba la Jikoni Siku ya Kilio Chako

Papa wangu mpendwa,

Wanasema nilikutendea vyema. Kesho ndugu wote watakusanyika hapa lupangoni, uani kwetu, kumaliza kilio chako, na tante Vero, dada yako, amekwisha kununua kikwembe kipya, kitenge cha kunifunga kiunoni mbele ya watu kunipa heshima. Anasema bila mimi tungeaibika. Kila aliponisifu nilijibu, "Merci, tante," nikainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Papa, haukuwa unyenyekevu.

Nianze na Jumamosi zetu, maana huko ndiko ninakokukumbuka vizuri zaidi. Ulipostaafu reli ulijenga nyumba hii ya Ruashi kwa mikono yako, na kuta hukujali sana, zimepinda mpaka leo. Ila mabomba! Mabomba uliyalaza mwenyewe, moja moja, ukipima mteremko kwa kamba na chupa ya maji. Baba za wenzangu waliwaonyesha wageni picha za harusi. Wewe uliwapeleka nyuma ya jikoni, ukafunua mfuniko wa saruji, ukawaonyesha shimo ambamo maji machafu hupita kabla ya kwenda mbali. Mama alikuwa akijificha kwa haya.

Kila Jumamosi ulichuchumaa pale na koti lako la kazi lililochanika kwapa, ukachota kwa upawa wa zamani mafuta yaliyoganda juu ya maji, ukayatia kwenye ndoo, tukaenda kuyafukia karibu na ukuta. Mimi nilishika ndoo na kujiziba pua. Ukacheka: "Pua unaweza kufunga. Lakini macho, hapana."

Na masharti yako ya jikoni, nani asiyeyajua? Ukoko wa bukari, yaani ugali, ni wa bata, si wa bomba. Sufuria ya sombe, majani ya muhogo yenye mawese, ipanguswe kwanza na gazeti, ndipo ioshwe. "Mawese mu tuyau na hii baridi ya juin," ulikuwa ukisema, ukigonga bomba kwa upawa, "ni sawa ciment." Tulikuona msumbufu. Lakini nyumba za jirani zilinuka, yetu haikunuka.

Ulipougua ulinipa ule upawa. "Utaangaria kila samedi, eh?"

"Ndiyo, papa."

Mwanzoni niliangalia. Kisha ukalazwa, nikawa mtu wa kwenda na kurudi hospitali, na huo ukawa udhuru wangu. Lakini zilikuwapo Jumamosi ambazo nilikuwa nyumbani, nimekaa, simu mkononi. Mfuniko ulikuwa nyuma ya ukuta tu. Nilijiambia kwamba kuufunua peke yangu ni kama kukuzika ungali hai. Hayo ni maneno mazuri ya kufunika uvivu.

Ukatuacha mwezi wa sita, katika ile baridi yenyewe. Watu wakajaa. Akina mama wa parokia walipika sombe na bukari kwenye sufuria kubwa, na kwa kuwa nje kulikuwa na upepo unaokata, waliosha vyombo vyote ndani, kwenye sinki. Mtu akiwa kwenye kilio hapangusi sufuria na gazeti, papa. Asubuhi ya maziko yako nikasikia kelele jikoni.

"Maji iko inarudia! Iko inaingia mu salon!"

Salon, sebule yetu, ndimo walimokuwa wamekaa wafiwa, kwenye mikeka. Tante Vero akaja ameinua nguo kidogo ili isilowe. "Nani alikuwa anachunga hii tuyau?" Nikainama kukunja mkeka uliolowa.

Mmoja wa wapishi akamwaga sufuria ya maji ya moto. Yakashuka, watu wakashangilia, muda si muda yakapanda tena meusi. Hilo nalo ulikuwa umenifundisha: moto huyeyusha mafuta hapa, nayo huenda kuganda kule mbele, kwenye kona yenye baridi. Nikachukua waya wako mrefu wa kuzibulia, nikatoka nyuma.

Nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nilianzia chini, kwenye shimo, nikaingiza waya kuelekea jikoni, nikawa navuta badala ya kusukuma. Yakatoka mabonge ya bukari, mashina ya sombe, mawese yaliyoganda, na kijiko kimoja cha mtoto. Nguo yangu ya kilio ililowa mpaka kiunoni. Wakati huo gari likakuleta kutoka chumba cha maiti, wakakuweka salon ili kila mtu akuage kabla ya kanisa.

Mdogo wangu Solange, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, akaja kunitafuta. "Yaya, acha ile kintu. Papa amefika. Kuya umuage."

"Ngoja kidogo. Maji ikirudia tutapata haya."

Alisimama, akajipangusa machozi kwa kitambaa cha kichwa, akarudi peke yake.

Sasa nikuambie lile ambalo hakuna anayelijua. Bomba lilizibuka. Lilikoroma, likatapika, kisha maji yakaanza kupita mbele ya magoti yangu, mepesi kabisa. Ndani walikuwa bado wanaimba. Sanduku lilikuwa bado halijafungwa. Nilikuwa na muda wa kunawa na kuja.

Nikaurudisha waya ndani ya bomba tupu. Nikachokoa. Nikachokoa tena. Waliopita waliniona nahangaika, wakanihurumia. Nilisikia wanakubeba, nikasikia miguu, nikasikia gari likiondoka, na mkono wangu ulikuwa bado unakwenda mbele na nyuma.

Niliogopa uso wako, papa. Siku zile za mwisho hospitalini ulikuwa umeanza kubadilika, nami sikutaka kuona ulipofikia. Bomba lilinipa sababu ambayo hakuna mtu angeweza kuipinga. Naona aibu kuandika hivi, tena aibu kubwa zaidi ni kwamba nilifurahi lilipoziba.

Tangu siku ile Solange anawaambia watu kwenye simu, "Yaya alijitoa kwa ajili yetu." Kila nikisikia, natoka chumbani.

Leo asubuhi tante Vero alileta kikwembe nijaribu. Nikashindwa kukishika.

"Tante, ile siku, tuyau ilikuwa imekwisha kufunguka."

"Mbele ya kumubeba? Wakati alikuwa angali mu salon?"

"Mbele."

Akakishusha kikwembe. "Na weye ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilikuwa nachokora tu. Bure."

Nilitegemea anifokee, au anikumbatie. Hakufanya hata kimoja. Alikunja kikwembe taratibu, akakitia kwenye mfuko wake, akasema, "Kesho utaelezea bantu weye mwenyewe," akaenda zake. Nitawaeleza. Solange nitamwambia leo, maana yeye ndiye aliyekuja kuniita.

Lakini wewe ndiye uliyesubiri. Ulilala pale salon uso wazi, kila mtu akapita, na binti yako alikuwa upande wa pili wa ukuta, maji yanapita, mikono yake haina kazi.

Kwaheri, papa.

Binti yako wa kwanza, ambaye hakuja