Jina Langu Juu ya la Apiyo

Jumatano, Kisian. Tangu mchana joto limekuwa lile la kukufanya uoge mara mbili na bado ujihisi mchafu. Upande wa ziwani mawingu yamejaa na mvua haitaki kunyesha. Nimefunga mlango nisisikie majirani. Nina wivu. Tangu asubuhi nimetafuta neno lenye heshima kidogo, sijalipata.

Dani, nyanya yetu mzaa baba, tunamzika Jumamosi huko Katito. Alikuwa amekula chumvi nyingi, kwa hiyo msiba wake ni wa mipango kuliko vilio: hema, ng'ombe, sare za wajukuu, na kile kijitabu cha mazishi chenye picha yake mbele na wasifu wake ndani. Kuandika wasifu nilipewa mimi. Hakuna aliyejadili, kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa familia.

Hicho ndicho kitu pekee nilicho mimi na asicho Apiyo.

Apiyo ni pacha wangu. Alinitangulia kutoka tumboni kwa muda ambao hata mama hajui ulikuwa mrefu kiasi gani, lakini kwetu Waluo muda huo unatosha kukupa jina la maisha. Wa kwanza ni Apiyo. Anayemfuata ni Adongo, yaani aliyebaki nyuma. Watu hutuita "Apiyo na Adongo" kwa pumzi moja, na sijawahi kusikia mtu akianza na mimi. Mama alitushonea magauni ya kitambaa kimoja, akatupa zawadi sawasawa ili mmoja asinung'unike, lakini gauni la Apiyo ndilo lililokatwa kwanza.

Siku hizi Apiyo ana duka la dawa mjini, mume mcheshi, na gari. Gari sijali. Sawa, najali kidogo.

Mimi natengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya wafanyabiashara wa samaki, na nikimaliza naandika hadithi. Kazi zote mbili nazifanyia ndani ya kihariri kimoja, ile programu ya kuandikia ambayo ukiipata mwanzoni ni ukurasa mtupu tu, na wewe ndiye unayeifundisha kila kitu. Changu nimekifundisha kwa miaka. Nimeondoa vitufe vyote juu ya skrini. Rangi ya nyuma ni ya majivu, herufi ni za manjano hafifu. Nikibonyeza kitufe kimoja ni karakana ya programu, nikibonyeza kingine herufi zinakua, pembezoni panapanuka, nami naandika hadithi kwa raha. Nimekitengenezea hata kamusi ya Dholuo, lugha yetu, neno kwa neno, ili kisinipigie mstari mwekundu kila ninapoandika ng'.

Apiyo alikuja kunitembelea kabla ya msiba, akakaa kwenye kiti changu akitaka kuandika barua. Alibonyeza hapa na pale, skrini ikageuka, maneno yakapotea. Akainua mikono. "Hii ni kama jikoni ya mtu mwingine," akasema. "Hata chumvi sioni." Akaandika barua yake kwa simu, kwa kidole gumba.

Nilifurahi siku hiyo kuliko ninavyopaswa kukubali.

Sasa nije kwenye balaa. Programu huanza na orodha ya vitu inavyovitegemea, na mimi hupenda orodha hizo zifuate alfabeti. Kwa hiyo nilikiambia kihariri: kila ninapohifadhi faili, tafuta orodha na uipange. Kwenye kazi ya samaki ni jambo zuri sana. Lakini mipangilio yangu yote inakaa pamoja, na sikuwahi kukumbuka kukiambia kwamba nikiwa naandika mambo ya watu kikae mbali na majina.

Jumatatu nilimaliza wasifu wa Dani, nikauhifadhi, nikautuma kwenye kikundi cha familia ili wazee waupitie kabla haujapelekwa kuchapishwa. Nikaenda kupika.

Niliporudi, simu ilikuwa imewaka moto. Kwenye wajukuu, chini ya jina la baba yetu, kulikuwa kumeandikwa: Adongo, Akelo, Apiyo. Mimi juu. Akelo, mdogo wetu aliyezaliwa baada yetu, katikati. Apiyo mwisho kabisa.

Mtu wa nje anaweza kucheka. Kwetu, orodha ya watoto kwenye mazishi ni kama mpaka wa shamba. Watu huifuata kwa kidole, jina kwa jina, na mzee asiyesoma humwomba mtu amsomee ili ajue nani amewekwa wapi. Mapacha ndio usiseme.

Wayo Herina, shangazi yetu, hakuandika. Alituma sauti. "Adongo nyathina, mwanangu, hii ni nini umefanya? Mapacha si watu ya kuchezea. Umejiweka mbele ya Apiyo, sawa, na Akelo pia umemuweka juu yake? Apiyo amekukosea nini?"

Baba Wasonga, kaka mkubwa wa baba na ndiye mwenye neno la mwisho, hakutaka maelezo. "Hiyo kazi apewe Apiyo. Na ndiye atasoma siku ya mazishi. Tumemaliza hiyo maneno."

Nikaandika haraka kwamba ni kompyuta, kwamba hupanga majina kwa alfabeti, kwamba sikukusudia. Binamu mmoja akaweka kikaragosi cha kucheka. Halafu Apiyo akaingia.

"Baba, Wayo, poleni sana. Hiyo si Adongo, ni computer yake. Iko na tabia ya kupanga watu vile inataka, hata mimi ilinisumbua nikiwa kwake. Tafadhali tusimlaumu."

Wayo akaandika, "Sawa mama." Kwangu walikuwa wakali, kwake wakawa maji. Mimi nilieleza aya nzima hakuna aliyenisikia, yeye akaandika sentensi tatu nne na mambo yakatulia.

Hapo ndipo wivu uliponikaba. Nilitamani angetukana. Angenitukana ningejua pa kumjibu. Badala yake alinikinga mbele ya ukoo mzima, kwa sauti ile ya dada mkubwa, na bado akabaki na wasifu wangu mkononi. Jumanne kutwa nzima nilimwona akilini amesimama pale Katito, kipaza sauti mkononi, akisoma sentensi zangu huku watu wakifuta machozi. Wangemkumbatia. Wangesema Apiyo ana maneno.

Leo asubuhi nimekaa nikatengeneza mipangilio. Ni mistari michache tu: ukiwa kwenye hali ya hadithi, usiguse orodha. Nimejaribu, inafanya kazi. Ingenichukua muda huohuo Jumatatu.

Sasa naandika lile nililokuwa nalizungukazunguka.

Niliona.

Kabla sijatuma, niliupitia wasifu mara moja. Watoto wa Dani walikuwa wamegeuka juu chini: Wayo Herina, kitinda mimba, alikuwa kileleni, na Baba Wasonga amebaki chini ya wote. Nilishtuka, nikawarudisha mahali pao mmoja mmoja: Wasonga, Odera, Ochieng' baba yetu, Herina. Nikarudisha watoto wa Baba Wasonga. Nikarudisha wa Baba Odera. Nikafika kwetu, nikaona jina langu juu.

Nililitazama. Sijui kama nimewahi kuliona hapo, hata kwenye kadi ya kanisa. Lilipendeza. Nikajiambia, kompyuta imeamua yenyewe, mimi sijagusa kitu. Nikatuma.

Kwa hiyo si kweli kwamba sikukusudia. Nilikusudia kutogusa.

Saa sita mchana nikashindwa kula. Nikamwandikia Apiyo, peke yake, nje ya kikundi. Nilianza na maelezo marefu ya alfabeti na hali ya hadithi, nikayafuta yote. Nikabakiza hivi: "Ile Jumatatu, niliona kabla sijatuma. Ningeweza kurekebisha. Sikutaka."

Nikageuza simu ichungulie meza. Nilidhani atakaa siku nzima bila kujibu, nami ningepata sababu ya kumkasirikia. Alijibu kabla sijavuta kiti.

"Najua. Kama ni computer, Baba Wasonga angekuwa chini kabisa. Watoto ya kina Odera wako sawa, wa Wasonga wako sawa. Ni mimi tu nilianguka, hahaha. Kuja kesho dukani nikiwa na nafasi tupange hiyo kitabu. Nimeshaongea na Baba Wasonga, utasoma wewe. Mimi nitashika tu karatasi, macho yako ikijaa machozi nikusaidie."

Nimesoma ujumbe huo hadi nimeukariri. Yaani tangu Jumatatu alijua. Aliifuata ile orodha kwa kidole kama wazee, akaona kila mtu yuko mahali pake isipokuwa yeye, akaelewa ni mkono wa nani. Baada ya kuelewa, ndipo akaandika kwamba si Adongo, ni kompyuta yake.

Nililia kidogo. Pia nilikasirika, kwa sababu mtu akikusamehe hata kabla hujaomba msamaha, huna cha kumpelekea.

Kesho nitaenda. Nitapeleka kompyuta, nimwonyeshe chumvi iko wapi, na orodha ya nyumba yetu nataka aiandike yeye kwenye kihariri changu, kwa mpangilio autakao. Jumamosi nitasimama mbele ya ukoo, nitaanza na jina lake, na nitajitahidi sauti isitetemeke hapo.

Ila kuna jambo limekaa nami jioni hii na haliondoki. Nimejiuliza, ingekuwa mimi ndiye Apiyo na yeye ndiye Adongo, halafu niikute orodha ile na nijue alichofanya, je, ningemkinga mbele ya Wayo?

Jibu limekuja upesi kuliko nilivyotaka.