Kitani cha Bawa la Pili

Bibi Klara,

Ni mimi Foibe, fundi wako wa mabawa. Nimekaa mlangoni kwangu hapa Kikuyu ya Dodoma, mwanangu Yudita yuko mapajani. Jana alilia kutwa, nikawa namwambia anyamaze. Leo namwomba alie, hataki.

Hukumwona. Ulikuwa ukinigusa tumbo na kusema, "Huyu ni abiria wangu." Abiria wako alitambaa, akasimama, kisha njaa ikamrudisha chini. Tangu uende, Wadachi wenzako wameingia vitani na Waingereza. Mume wangu Yohana wamemchukua upagazi, sijui kama yu hai. Askari wakakomba uwele wote ghalani, hata wa mbegu. Maziwa yangu yamekauka, Bibi. Nakuandikia wewe kwa sababu walio hai nimewachosha.

Nakumbuka kile kibanda chetu uwanjani, tukishona kitani juu ya mbao za bawa. Wanawake wakipita na vibuyu vyao walinitania, eti Foibe anamshonea Mzungu sanda. Ukauliza wanasema nini, nikakudanganya kwamba wanasifu mshono.

Kwa Kiswahili chako cha kuvunjikavunjika ulinisimulia ulivyouza kinanda cha mama yako ujifunze kurusha ndege. Walimu wakakupa zamu ya mwisho kila siku, upepo ukishachafuka, ili ushindwe uende nyumbani. Hukwenda. Baadaye watu wakawa wanalipa kiingilio kuona kama mwanamke ataanguka, nawe ukashuka salama kila mara, ukala mkate wako umesimama. Ukaipakia ndege melini, kisha kwenye garimoshi mpaka Dodoma, kwa kuwa juu ya nchi hii alikuwa hajaruka mtu.

Hapa uliruka alfajiri tu. Siku ile ya mwisho bwana shauri, mkuu wa boma, alitaka uruke adhuhuri, watemi wote wawe wamefika. Ukamwambia adhuhuri hewa ya hapa inachemka. Akacheka mbele ya watu, akasema kama Bibi anaogopa, aseme. Nikakuona unafunga kofia.

Kwa nini, Bibi? Ulishachekwa miaka yote hiyo. Ungechekwa na siku ile moja, ukaishi.

Kimbunga cha vumbi kilikupokea upande wa reli. Nilikimbia na tumbo langu. Mishono yangu haikufumuka hata mmoja, mbao ndizo zilizovunjika. Na wewe.

Sasa nisikilize. Kile kitani kipya, cha bawa la pili, bado ninacho. Uliniambia, "Foibe, hiki kisikatwe mpaka nipate mbao." Nikakitii kitani kama ninavyotii Amri. Nilikificha ndani ya mtungi, juu nikaweka majivu, askari wasikione. Mbeleko yangu niliibadilisha kwa kibaba cha mtama, na mtama umekwisha. Shangazi yangu wa Haneti ametuma neno kwamba ameufukia uwele wake zizini, twende. Ni mwendo mrefu. Nikimbeba mtoto mikononi nitaanguka naye njiani. Nikikaa hapa, nitamzika.

Leo nimekikata.

Nimekunja ukingo kwa ule mshono wako wa kurudi nyuma. Nilipomfunga mgongoni kujaribu, alifungua macho, akashika kitani kwa vidole akakivuta. Nguvu kidogo bado anazo. Hizo ndizo ninazokimbilia.

Buriani, Bibi Klara. Sikuombi radhi kwa kitani, ila nakushukuru. Kesho nitapita kaburini kwako, uwaone wote wawili, abiria na bawa. Tutaondoka alfajiri, vumbi likiwa bado limelala. Jua likipanda nitaingia kichakani nipumzike, na wapitanjia wakicheka kwamba mama huyu ni mvivu, nitawaacha wacheke. Hilo nakuahidi. Nitachekwa njia nzima mpaka Haneti, na mtoto nitamfikisha.

Wako,
Foibe