Nilimwambia Mutua Asubiri

Muaither, Doha. Jumanne, Machi 2014, saa kumi alasiri.

Vumbi limefunika jiji tangu alfajiri. Jengo la upande wa pili wa barabara silioni, na mchanga umepenya chini ya mlango ingawa tuliziba kwa taulo. Nimefundisha shule za msingi za Machakos kwa miaka thelathini na minne, kumi na mmoja kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na sikumbuki kuwahi kuogopa darasani.

Leo nimeogopa. Bado naogopa.

Niandike kwa utaratibu.

Mwanangu Mwende alikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi katika hospitali moja ya hapa Doha. Miaka mitatu iliyopita aliacha kazi ili awafundishe watoto wake nyumbani. Mutua, ambaye sasa ana miaka minane, ana pumu. Kila baada ya wiki mbili shule ilikuwa ikimtafuta mama yake kwa sababu mtoto anahema, na mama yuko zamu, simu imefungiwa kabatini. Siku moja walimtafuta kwa saa mbili. Kesho yake aliandika barua ya kujiuzulu.

Sikumwelewa. Nilimwambia kwa simu, kutoka Machakos, kwamba sikumsomesha miaka yote ile ili aje kufundisha watoto wawili irabu kwenye meza ya chakula. Aliniaga akakata simu, nami nikadhani nimeshinda hoja.

Mwezi uliopita hospitali ilimwita arudi. Nikapanda ndege nikaja na neno moja: rudi kazini, watoto niachie mimi. Kesho asubuhi ndipo anapotakiwa kutoa jibu.

Jumba hili limegawanywa vipande vipande kwa familia kadhaa, na ndani yake kuna akina mama watatu wanaofundisha nyumbani. Kila asubuhi hukusanya watoto wao sita sebuleni kwetu, na kila mama hufundisha kile alichokuwa akilipwa kukifanya zamani. Nalongo, Mganda mwenye watoto pacha, alikuwa mpima ardhi. Huwatoa nje uani wakiwa na kamba na vigingi, wakapima ukuta hadi ukuta. Mama Trevor alikuwa mtangazaji wa redio huko Kisumu. Kwake hata mtoto mwenye haya husoma akasikika mpaka jikoni. Mwende hufundisha mwili: moyo, mapafu, damu.

Nilipofika niliwauliza kama hawasikitiki. Mama Trevor alinitazama akatabasamu. "Mwalimu, sisi wote hapa ni wastaafu kama wewe," akasema. "Tofauti ni pensheni tu."

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Niliona ujuzi uliotupwa.

Leo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa darasa peke yangu. Walikwenda wote watatu upande wa Nalongo kupika chapati, kwa makusudi, ili nionyeshe kwamba naweza. Sheria zangu zilikuwa zilezile za miaka yote: hakuna kusema bila kuinua mkono, hakuna kuondoka kitini bila kuitwa. Watoto hawa walizoea kujibu maswali wakiwa wamelala zuliani. Nimewanyoosha wiki nzima, na Mutua ndiye aliyenyooka kuliko wote. Nilijivunia jambo hilo.

Trevor alikuwa akisoma kifungu. Mutua akainua mkono.

Nilimwona. Hili lazima niliandike wazi, kwa kuwa sijamwambia mtu yeyote. Nilimwona. Jana aliinua mkono mara tatu akiomba kwenda kunywa maji, kila mara zamu yake ya kusoma ilipokaribia, na leo nikajua ni ujanja uleule. Nikamwambia, "Subiri mwenzako amalize."

Akasubiri. Mkono ulipochoka aliushikilia kwa mkono wa pili usishuke. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, nami nikaona ni utundu. Trevor husoma polepole. Nilimrudisha mwanzo wa sentensi mara mbili.

Ndipo Ndanu, dada yake Mutua mwenye miaka sita, aliposhuka kitini bila ruhusa na kukimbilia mlangoni. Nilimwita kwa sauti ambayo zamani ilikuwa ikinyamazisha uwanja mzima wa shule. Nilimwamuru arudi kitini. Hakugeuka.

Nilipomtazama tena Mutua, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mkono ulikuwa bado juu.

Mwende aliingia bila viatu, unga mikononi. Hakupiga kelele. Alimkalisha mtoto ukingoni mwa kiti, ameinama mbele, akatoa dawa ya kuvuta katika kikoba kinachotundikwa nyuma ya mlango. Siku tisa nimekuwa nikipita karibu na kikoba hicho bila kuuliza kina nini. Akampa dawa, akahesabu pumzi, akampa tena. Alimtazama kucha. Alimpandisha shati akatazama ngozi iliyokuwa ikididimia kati ya mbavu. "Nalongo, gari," alisema kwa sauti ya chini, na Nalongo akaenda. Kwa mtoto alisema, "Hivyo hivyo, baba. Polepole. Niko hapa."

Sikuwahi kumwona mwanangu akiwa kazini. Nilisimama kando na kitabu cha Trevor mkononi, nikaelewa kwamba ujuzi ule haukutupwa popote. Kwa miaka mitatu ulikuwa umekaa kwenye meza ya chakula, ukimsikiliza mtoto mmoja akipumua.

Walirudi kutoka kliniki saa nane. Mutua amevutishwa mvuke wa dawa, amepata nafuu, amelala. Daktari alimwambia Mwende kwamba wangechelewa kidogo tu, mambo yangekuwa mengine.

Kisha likatokea jambo linaloniogopesha kuliko lile la asubuhi.

Mwende alinikumbatia palepale mlangoni. "Mama, asante," akasema. "Kama hungemtuma Ndanu mbio vile, sijui. Huko jikoni hatukuwa tunasikia kitu. Sasa naweza kurudi kazini na roho safi."

Sikumtuma Ndanu. Nilimgombeza Ndanu.

Nilifungua kinywa, nikasema Mungu ni mwema, nikakifunga. Nimewahi kuwaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

Tangu hapo Ndanu ananikwepa. Chakula cha mchana alikilia chini ya meza, na nilipoinama kumtazama aliniuliza kama bado nimekasirika. Nikamwambia hapana. Sikumwambia zaidi. Mtoto wa miaka sita amemwokoa kaka yake na anaamini kwamba amefanya kosa.

Mutua aliamka kidogo saa tisa akaniona nimeketi karibu na kitanda. "Susu," akaninong'oneza, kama Wakamba wanavyomwita nyanya, "niliinua mkono."

Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akinijulisha kwamba alifuata sheria.

Naogopa kwamba Mwende akijua hataniachia watoto tena, na nafasi yake hospitalini itapotea kwa sababu yangu mimi niliyekuja kumsukuma aichukue. Naogopa atakavyonitazama. Lakini nikiwaza kwamba hatajua, hofu hiyo inakuwa ndogo mbele ya hofu nyingine. Atatoa jibu kesho. Baada ya muda mfupi atakuwa wodini, simu kabatini, akiamini kwamba nyumbani kuna mtu anayemtazama mwanawe. Leo nilimtazama. Nilichoona ni mwanafunzi asiyetaka kusoma.

Je, mwanamke wa miaka sitini na tisa anaweza kujifunza kusikiliza kifua cha mtoto? Sijui. Najua kwamba hawezi kujifunza iwapo wote wanadhani anajua tayari.

Mwende ametoa sare zake nyeupe sandukuni. Sasa anazipiga pasi sebuleni huku akiimba wimbo wa kanisani, akikosea mahadhi kama ilivyo desturi yake. Sijamsikia akiimba tangu nifike.

Ukurasa huu wa mtandaoni ninamoandika alinifungulia yeye, na yeye ndiye huusoma kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikiyaweka haya hewani sasa hivi atajua kwa kuyasoma peke yake, nami nitakuwa chumbani nimefunga mlango. Hiyo pia ingekuwa njia ya kunyamaza.

Kwa hiyo siyaweki bado. Nayaacha yalivyo na kwenda sebuleni. Nitaanza na Ndanu, mbele ya mama yake, kwa sababu Ndanu ndiye niliyemkosea kwa sauti kubwa.

Ikiwa maneno haya yamesomwa na mtu, basi nilikwenda.