Mlango wa Chini, Namba Arobaini na Moja

Jumamosi, 3 Oktoba

"Kila saa unayotembea mjini ni saa unayoiibia tasnifu yako." Hayo ni maneno ya Profesa, msimamizi wangu, pembeni mwa sura yangu ya pili, kwa wino mwekundu. Kisha akapiga mstari chini ya "unayoiibia" — mara mbili!

Nakataa. Tasnifu yangu inahusu magazeti mawili ya mji huu yaliyotukanana kwa miaka tisa, zaidi ya nusu karne iliyopita. Moja la mabwana, jingine la makuli. Wahariri wake waliishi humu. Walipanda vilima hivi, walilowa mvua hii. Nitaandikaje ugomvi wa watu bila kujua walikaa umbali gani kutoka kwa adui yao? Profesa ameandika kitabu kizima juu ya magazeti hayo, na nina hakika alikiandika amekaa. Kiti kinaonekana katika kila ukurasa.

Nina miaka hamsini na miwili. Nimeandika safu gazetini kwa miaka ishirini na sita, nimeshtakiwa mara tatu, nimeshinda mbili. Yeye ana arobaini, na akitaka ninyamaze huniita "Mama yangu". Mama yake yuko kwao!

Ila humu daftarini nisijidanganye, kwa kuwa hakuna mwingine wa kudanganya. Mtihani wa mbinu za utafiti nimepata 38 kwa mia. Siku ya kudurusu nilikuwa kituo cha mwisho cha basi namba 17, nikitazama kiwanda cha vigae. Nimejitakia mwenyewe. Marudio ni tarehe 14. Sura inatakiwa tarehe 19. Ijumaa ya tarehe 23 kamati ya watu watatu inaamua: niendelee mwaka wa pili, au nifunge virago. Profesa ni mmoja wa hao watatu.

Sheria mpya: asubuhi vitabu, alasiri miguu. Atakayesema haiwezekani, nitamwonyesha.

Jumatatu, 5 Oktoba

Darasani mimi ndiye niliyekula chumvi nyingi kuliko wote, mwalimu akiwemo. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kumtafuta mwanangu. Nikamwambia hapana, nimekuja kumtafuta baba yako, ana kesi. Wakacheka wote, naye pia.

Jirani yangu wa bweni, binti mrefu kama nguzo — namwita Mrefu, naye anaitika — amejitolea kunifundisha takwimu kwenye meza ya jikoni. Nilipoanza kubishana na kanuni ya wastani alinikata kauli.

"Shangazi, usigombane na namba. Hazijibu."

Sijawahi kukutana na mpinzani wa namna hiyo. Nimefanya mazoezi kumi na manne. Saba sahihi.

Jumatano, 7 Oktoba

Asubuhi: takwimu. Alasiri: gazeti la makuli.

Ukurasa wake wa kwanza umechapwa anwani: namba 41, mtaa wa mfereji. Kitabu cha Profesa kina ramani. Gazeti la mabwana ameliweka mtaa wa mahakama, namba 6, juu kilimani. La makuli mbali kabisa kwenye mfereji, bondeni, karibu na machinjio. "Mji mzima ulikuwa kati yao," anasema. Sentensi nzuri. Nikaenda kuiona.

Namba 41 ni duka la magodoro. Jengo jipya, halijafika hata miaka thelathini. Muuzaji hajui chochote kuhusu gazeti, ila alinishawishi nilalie godoro moja, nami sikukataa. Dakika kumi za usingizi. Viatu vimepasuka soli. Nimerudi mikono mitupu na mgongo mzuri.

Jambo moja linaniwasha. Mara nyingi gazeti la makuli linajibu tusi la mabwana siku ileile, asubuhi ileile. Si kesho yake! Profesa anaeleza kwamba kila upande ulikuwa na wapelelezi kwa mwenzake. Wapelelezi! Miaka tisa bila hata mmoja kukamatwa?

Jumamosi, 10 Oktoba

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Nilipeleka viatu kwa fundi. Sikumchagua, nilikwenda kutazama namba 6, mtaa wa mahakama, nikakuta chini yake kuna kibanda cha viatu, nami soli inapiga makofi. Fundi ni mzee mfupi, misumari mdomoni, anaongea bila kuitoa.

Akasema ngozi ya soli iko stoo, nimfuate nikachague. Tukashuka ngazi. Tukashuka tena. Ghorofa mbili chini ya barabara! Harufu ya gundi, na sakafu ya saruji yenye mashimo manne ya boliti, makubwa kama vikombe. Nikamuuliza hapa palifungwa nini. Akasema mashine ya chapa, babu yake aliikuta ikiwa kutu tupu, wakaiuza kwa vipande.

Mbele yetu kulikuwa na mlango mwingine. Akausukuma. Nikatoka nje — nikajikuta mtaa wa mfereji!

Jengo limejengwa kwenye mteremko. Juu lina mlango wa kilimani, chini lina mlango wa bondeni. Nyumba moja, mitaa miwili.

Nikamwuliza mlango huu wa chini una namba gani. Akasema 88. Nikanywea. Kisha akatema misumari kiganjani, kwa mara ya kwanza.

"Hizo namba mpya, dada. Waliobadilisha walianza kuhesabu kutoka upande ule mwingine. Hawajawahi kupeleka hata barua moja, wale. Ya zamani iko chini ya rangi."

Akachukua kisu cha ngozi akakwangua juu ya mlango. Rangi ya kijani, ya kijivu, nyeupe. Kisha bati la bluu. Nne. Halafu moja.

Nilipiga kelele mpaka mtu akafungua dirisha ng'ambo. Fundi akamwambia, huyu amepata kiatu kinachomtosha.

Hakukuwa na mji mzima kati yao. Kulikuwa na ngazi!

Jumapili, 11 Oktoba

Sikutoka. Takwimu kutwa. Mrefu anasema nikitabasamu peke yangu mara nyingine atahama jiko.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimefanya marudio. Swali la nne lilinitoa jasho, nikajikaza kisabuni. Nilitamani kukimbilia kwa fundi mara tu nilipotoka. Sikwenda. Nilirudi bwenini nikapanga hoja za sura, moja baada ya nyingine, kama mtu mzima.

Hoja yenyewe ina pengo, na nalijua. Nyumba moja si lazima iwe mashine moja. Huenda mmoja alihama ndipo mwingine akaingia. Ningekuwa mpinzani wangu, ningepiga hapohapo. Lazima nizibe.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimeziba!

Kazi yangu ya kwanza, kabla ya safu, kabla ya kesi, ilikuwa kusahihisha prufu, kurasa za majaribio, kwenye kiwanda cha chapa. Miaka mitatu ya kutafuta herufi mbovu. Herufi za madini ya risasi ni kama meno: ikivunjika moja, utaijua popote. Na mpanga chapa akimaliza ukurasa huzirudisha zote kwenye sanduku, kesho azipange upya. Herufi mbovu hutembea.

Mkutubi alinipa magazeti yote mawili ya wiki moja, na kioo cha kukuzia. Akanionya nisiegemee. Saa tatu nzima. Kisha nikaiona: R kubwa iliyokatika mguu, imebaki kisiki. Jumatatu iko kwenye kichwa cha habari cha mabwana. Jumanne — kwa makuli, katika neno la matusi dhidi ya mabwana! Jumatano imerudi kwa mabwana. Na iko pamoja na M yenye ufa na S iliyobonyea. Nikaomba magazeti ya wiki tano zaidi. Wiki sita nimezifuata, zinapanda na kushuka kati ya adui na adui.

Sanduku moja la herufi. Mpanga chapa mmoja. Wapelelezi wa Profesa ni mpanga chapa aliyekuwa na kazi mbili! Tusi lilipopangwa huku, mhariri wa pili alilisoma likiwa bado na wino mbichi, akaandika jibu hapohapo.

Nilicheka, kisha nikakumbuka. Kwa miaka sita nilipigana na mwandishi wa gazeti pinzani, nikamwita kila jina linaloandikika. Na kila Alhamisi tulikunywa chai meza moja, kwa sababu mgahawa ulikuwa mmoja. Nilidhani aibu hiyo ni yangu peke yangu. Haikuwa aibu. Ndivyo ugomvi unavyofanya kazi: nao una nyumba, na nyumba ina jiko moja.

Na matokeo ya marudio yamebandikwa. Sabini na moja! Mrefu alininyanyua juu. Mimi, na uzito wangu huu!

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimewasilisha sura. Kurasa arobaini na nne, picha kumi na mbili za R, na moja ya mlango.

Profesa aliniita kabla ya saa sita. Ameisoma, nakiri ameisoma vizuri. Hakukanusha R. Aliigeuza picha moja mara nyingi, akauliza ni kioo cha nguvu gani. Kisha akafunga faili.

Akasema sura ni kali, lakini haijaiva. Niweke kando jengo na herufi, nibakize uchambuzi wa lugha ya matusi, kamati itapitisha bila neno. Hayo mengine niandike baadaye, nikishapata shahada.

"Nakusaidia, Mama yangu. Upite salama."

Nikamwuliza kama ananisaidia mimi au ukurasa wa 112 wa kitabu chake, wenye ramani. Akatazama dirishani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ramani ile aliichora akiwa na miaka ishirini na tisa, usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kuigusa.

Nikamwona ghafla. Kijana mmoja mpweke na kitabu cha anwani, anahesabu namba za leo akidhani ni za zamani. Kosa safi, la mtu mchapakazi. Karibu nimwonee huruma.

Nikasema hapana. Inaenda yote.

Jumanne, 20 Oktoba

Binti yangu amepiga simu kutoka nyumbani. Nimemweleza yote.

"Mama, si ufunge mdomo siku moja tu? Upate karatasi yako, urudi, ndipo uwachape."

Nikamwambia mtu akiahirisha ukweli mara moja, hupata nafuu, na nafuu hiyo ni tamu.  Halafu akasema, haya, lakini ukirudishwa, chumba chako nimeshaweka cherehani, utalala sebuleni.

Tumecheka. Lakini baada ya simu nilikaa kitandani nimeshika magoti yangu. Nimeacha kazi kwa ajili ya masomo haya. Wenzangu wa gazetini waliweka dau nitarudi kabla ya mwaka. Nikirudishwa Ijumaa watakuwa wameshinda, na wataninunulia chai, na watakuwa wema. Wema wao ndio ninaouogopa.

Alasiri nilikwenda kwa fundi. Nimemwomba asiupake rangi mlango. Akasema hajaupaka tangu alipokuwa na nywele, aanze leo kwa nini?

Ijumaa, 23 Oktoba. Saa tisa na robo alasiri, kwenye benchi la korido

Wamenitoa nje wajadiliane. Naandika goti likiwa meza.

Niliongea dakika ishirini. Sikupiga kelele! Niliwapa kioo, nikawapa magazeti mawili kwa ruhusa ya mkutubi, aliyekuja nayo mwenyewe mikononi kama mtoto mchanga. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti kavu, aliitafuta R peke yake akaipata. Akasema "aa", basi. Lakini ile "aa" nimeisikia mpaka kwenye visigino. Mjumbe wa tatu aliandika sana.

Kuhusu alama zangu hawana la kusema. Mwenyekiti alisoma ile 71 kwa sauti.

Kisha Profesa. Alisema herufi zingeweza kuuzwa kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Nikajibu: zingeuzwa na kurudishwa kila siku ya Mungu, kwa wiki sita? Mjumbe wa tatu akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Basi Profesa akahamia kwenye jengo. Akasema ushahidi wa jengo ni picha moja yenye ukungu na simulizi la fundi viatu. Akasema yeye amezaliwa mji huu, amepita mtaa wa mfereji maisha yake yote, na mlango huo hajapata kuuona.

Mwenyekiti akaniuliza kama kuna msomi yeyote mwingine aliyeuthibitisha. Nikasema hakuna. Kwa sababu ni kweli, hakuna.

Ndipo wakanitoa.

Nawasikia. Mlango huu wa kamati ni mwembamba. Mwenyekiti anasema hoja ni nzito, hawezi kuitupa, ila hawezi kuipitisha kwa neno la mtu mmoja. Labda iahirishwe hadi muhula ujao. Muhula ujao ufadhili wangu umekwisha, na wanajua. Kuna anayepekua magazeti, nadhani Profesa.  Sasa anasema — anasema ile R, kwa kweli, hajui aiweke wapi.

Kiti kimesogezwa. Sijui ni cha nani.

Wakifungua sitasubiri wakae sawa. Nitawaambia haya, na nayaandika kwanza ili ulimi usinikimbie:

Mwenyekiti, wewe uliyeiona R kwa jicho lako. Wewe mjumbe uliyecheka ukaficha. Na wewe Profesa, wewe hasa, mwana wa mji huu. Msiandike neno lolote kwenye hiyo fomu. Vaeni makoti, tokeni humo, tufuatane. Ni dakika kumi na tisa kwa miguu, na fundi hafungi mpaka saa kumi na moja. Ingieni kwa mlango wa juu, shukeni ngazi, tokeni kwa mlango wa chini, inueni vichwa, msome namba. Ndipo mnihukumu.