Tumbo la Eveline, Sahihi ya Stanley

Oktavia, nimetoka wodini sasa hivi, nakuandikia nikiwa na hasira.

Unajua mdogo wangu Eveline kalazwa hapa Njombe. Miaka tisa ya maumivu, na kila siku ya kuumwa kaiandika kwenye daftari. Daktari kalisoma lote, kasema uvimbe wa kwenye kizazi utolewe kesho.

Nesi kaleta fomu ya kukubali kupasuliwa. Kampa nani? Stanley, mume wa Eveline!

Stanley hata hajaketi: "Tuchimbe viazi kwanza. Mama yangu kazaa saba, hakuna aliyempasua."

Viazi, Oktavia. VIAZI!

Na nesi akaikunja fomu: "Basi, baba akiwa tayari mtarudi."

Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Nilisubiri Stanley acheke, nikidhani ni utani.

Eveline ndiye aliyeinuka, kashika tumbo, sauti yake ileile ya chini: "Nesi, tumbo linamuuma nani? Lete hapa."

Kasaini mwenyewe. Daktari kasema sahihi yake inatosha, na ilitosha tangu mwanzo.

Stanley kasusa, karudi Makambako na blanketi alilomletea. Mgonjwa, Oktavia, kwa baridi hii!

Lete lako. Anaingia kupasuliwa kesho saa mbili asubuhi.