Mishipa ya Mdogo Wako

Mwanangu mpendwa,

Mdogo wako alilazwa wiki iliyopita hapa Mbinga mjini. Kuharisha na kutapika, kama wewe. Macho yalikuwa yamedidimia, na alipolia hayakutoka machozi. Nesi alipomfunga mpira mkononi, niligeuza uso, maana mkono ule nilishawahi kuushika, ukiwa wako.

Wewe uliugulia Matiri, msimu wa kuchuma kahawa. Asubuhi yake ulikuwa bado unaniibia usipa, dagaa niliotoka nao kwetu ziwani, unakula vichwa tu na kuniachia viwiliwili. Mlafi wewe! Jioni ulikuwa umelegea.

Pale zahanati walikuchoma mikono, wakakuchoma miguu, mshipa haukupatikana. Mganga wa zamu akaomba wembe akunyoe kidogo juu ya sikio. "Kichwani ndiko tutaupata," alisema. Bibi yako, mama yake baba, akakufunika kichwa kwa khanga. Kwao nywele hunyolewa msiba ukishaingia nyumbani.

"Mjukuu wangu hanyolewi akiwa hai. Mnataka kumwitia kifo?"

Baba yako alimsihi, mganga akaeleza, mimi nikalia. Alipokubali, ulikuwa umeshapoa mikononi mwangu.

Siku ya kuanua matanga tulinyolewa sote. Bibi alikaa wa kwanza mbele ya wembe, hakuinua uso. Sikufichi, nilimchukia. Siku nyingine bado namchukia, halafu namkuta jikoni peke yake anaongea na wewe, namwacha.

Safari hii hakuna aliyetaja wembe. Nesi alileta kifaa kidogo, akakishika juu ya mkono wa mdogo wako. "Humu mna mwanga ambao macho yetu hayauoni, mama," aliniambia. "Damu inaunyonya, kwa hiyo kifaa kinajua penye mshipa, kinatuchorea juu ya ngozi kwa nuru tunayoiona, mshipa ukiwa mweusi." Nuru nyekundu ikatua kwenye ngozi, na ndani yake ikajitokeza mishipa, myembamba, imetawanyika kuelekea vidoleni. Bibi yako akasimama, mkono mdomoni.

"Kumbe ilikuwepo," akasema. "Jamani, kumbe ilikuwepo."

Akatoka nje, sikumfuata. Sindano iliingia mara moja tu, dripu ikaanza kudondoka.

Mdogo wako anapona. Leo ameomba uji, akaumwaga, akaomba mwingine. Nafurahi, mwanangu, nafurahi sana, ila nikimvua shati nageuza mkono wake kwanza, nauangalia, naogopa hata kuuosha.

Kuna jambo sijamwambia baba yako. Nesi alipokizima kile kifaa, ngozi ilirudi kuwa ngozi tu, kama vile hapakuwa na kitu. Nikamwomba akiwashe tena. Akakiwasha. Akazima, nikamwomba tena.

"Mama, sindano imeshaingia," akasema taratibu. "Unatafuta nini?"

Nikauinamia ule mkono. Nilikuwa nakutafuta wewe.

Nakuacha hapa kwa leo, mwanangu.

Mama yako